Uzi Mwekundu kwenye Ploti ya Mwololo

Inatangazwa kwa umma, kwa wakazi, wapangaji, mabroka, wachungaji pamoja na kondoo wao, na kwa yeyote mwenye macho na tamaa, kwamba Bwana Mwololo, soja wa geti mstaafu, mume wa Kasyoki na mmiliki wa ploti ya futi hamsini kwa mia huko nyuma ya Kitengela, pale lami ilipokata tamaa, hajawahi kuibiwa tangu aanze kujilinda mwenyewe. Hajaibiwa jembe. Hajaibiwa ndoo. Kuku wake hutaga mayai huku akiangaliwa. Umma unaombwa usimame dakika moja kwa heshima yake, na mikono ikae mahali inaonekana.

Ujana wake Mwololo aliuacha getini, kwenye ghala moja la Athi River, akikagua mifuko. Wanaoingia hakuwajali. Mwizi, alisema, haingii na kitu, anatoka nacho. Kwa hivyo asubuhi angesinzia kidogo, lakini jioni alikuwa simba. Alimkagua pasta aliyekuja kuwaombea wafanyakazi. Alimkagua mama wa uji, akachovya kijiti hadi chini ya mtungi kuhakikisha hakuna nati zilizolala humo. Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani, na alipofika getini nayo, kwa mazoea tu, akasimama, akainua mikono na kujikagua.

Lakini mtu hazaliwi akishuku hivyo. Hufunzwa, na Mwololo alifunzwa Kimuka.

Kimuka ndiko alikonunua ploti yake ya kwanza. Asubuhi moja alienda na fundi, vigingi na uzi, aweke alama za msingi. Akakuta mtu mwingine na fundi wake, vigingi vyake na uzi wake. Kabla hawajamaliza kutukanana akafika wa tatu, kisha wa nne, mama mmoja aliyekuja na uzi wake na chai kwenye thamosi. Kila mmoja alifunga uzi wake juu ya uzi wa mwenzake, hadi ardhi ile ikaonekana kama kitanda cha kamba. Broka aliyewauzia wote wanne alikuwa ameshabadilisha laini ya simu, na wanaomjua wanasema alibadilisha hadi kanisa.

Tangu siku hiyo, ukitaka kumtia Mwololo homa huhitaji mbu. Mwonyeshe kigingi kilichofungwa uzi.

Ploti ya pili, hii ya Kitengela, aliinunua kwa akina Koinet, familia ya wafugaji wa Kimaasai ambao baba yao aliuza malisho kipande kwa kipande hadi kondoo wakabaki wanachunga katikati ya vioski. Mwololo alijaribu kuikataa kwa kila njia. Alitafuta kasoro kwa majirani, kwa chifu, kwa ofisi ya ardhi. Hakuna. Hilo likamtia wasiwasi zaidi, lakini akanunua. Akapanda bikoni zake nne za mipaka na ubao ulioandikwa PLOTI HII HAIUZWI, na nambari yake ya simu chini. Wiki hiyo hiyo wakaanza kumpigia kuuliza haiuzwi kwa bei gani.

Kasyoki, mkewe, aliyeuza sokoni nyanya na vitunguu vya Loitokitok, alitaka nyumba. Hakutaka nyumba kubwa. Alitaka paa ambalo mvua ikinyesha mwenye nyumba asije kuwaambia walete sufuria. Basi Mwololo akawa ananunua mbao kidogo kidogo, za paa, za milango, za madirisha, anazipanga kwenye kona ya ploti, anazifunika turubai na kulifunga kwa fundo lake la getini. Fundo hilo hakumfundisha mtu. Mtu mwingine akilifungua, hata akilifunga tena, Mwololo angejua. Miaka ikapita. Mbao zikaongezeka. Mwololo na mkewe wakapanga chumba cha mabati ng'ambo ya barabara, mlango ukiangalia turubai.

"Baba Mutunga," Kasyoki angesema, kwa jina la kifungua mimba wao, "tutaingia lini kwa hiyo nyumba?"

"Bado naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Watu."

Kila asubuhi alizunguka bikoni zake, akazigusa kichwa kama mtu anayebariki watoto, kisha akaenda kwenye turubai na kulitazama fundo. Fundo salama, mbao salama. Anarudi kunywa chai.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi siku aliyomsindikiza shemeji yake kununua mbuzi Bissil. Alirudi jioni, vumbi hadi kope, akapitia kwenye ploti kama kawaida. Akaona uzi.

Uzi mwekundu. Umefungwa kwenye vigingi vidogo, umechora miraba kwenye nyasi, mmoja hapa, mwingine pale, mwingine karibu kabisa na mbao zake. Kila mraba mita moja kwa mita moja, hata haikupungua, maana aliupima kwa hatua na akarudia kwa mkono.

Mwololo akashika ubao wake wa HAIUZWI, akasimama nao kidogo, wote wawili wakiyumba.

Hakwenda kwa chifu. Alienda kwa Koinet, ambaye alikuwa kwenye uwazi wa karibu na kondoo wake, amejifunga shuka, spika ndogo ya redio inalia mfukoni.

"Sopa, Koinet."

"Ipa. Mbona unahema hivyo? Umefukuzwa na fisi?"

"Umeuza?"

"Nimeuza nini?"

"Ploti yangu. Umeuza tena?"

"Wewe Mkamba, hiyo si nilikuuzia? Nitaiuza mara ngapi?"

"Kimuka waliuza mara nne."

"Kimuka si boma letu," Koinet akasema, na akakasirika kidogo, kwa sababu kila mwaka Mwololo alimuuliza hivyo hivyo.

Akamfuata wakaangalie. Koinet alichuchumaa kando ya mraba mmoja, akaupima kwa fimbo yake, akatikisa kichwa.

"Hapa hata mbuzi hawezi kulala vizuri. Mtu wa kununua hii ataifanyia nini?"

"Hiyo ndiyo nauliza!"

"Labda ni za kuzika."

"Kuzika nani?"

"Sasa hiyo ni wewe utaniambia. Kati yetu ni nani ako na umri?"

Akaondoka akicheka na kondoo wake, na Mwololo akaona wazi kwamba mtu anayecheka hivyo anajua kitu.

Kasyoki aliporudi kutoka sokoni alimkuta mumewe kasimama mlangoni na tochi, na bado jua liko.

"Wanauza ploti za makaburi," Mwololo akamwambia. "Kwetu."

"Kaburi la mita moja? Ni la nani, la kuku?"

"Ni la mtu azikwe akiwa amesimama. Siku hizi ardhi imekuwa ghali."

Kasyoki aliweka debe la nyanya chini, akamwangalia mwanamume aliyeishi naye miaka yote hiyo, akaamua kupika.

Asubuhi Mwololo alijibanza nyuma ya mbao zake, rungu magotini. Hakukaa sana. Kutoka shule ndogo ya chekechea ya mabati ya kijani iliyopakana na ploti yake, walitoka watoto wa PP2 wameshikana mikono, sweta zimevaliwa kinyume, na mbele yao mwalimu Namalwa, msichana wa Bungoma, miguu imetumbukia kwenye gambuti kubwa kuliko yeye. Wakaingia kwenye ploti bila hodi. Wakagawana miraba, kikundi hapa, kikundi pale, wakachuchumaa, pua karibu na udongo.

"Polepole," Namalwa akawaambia. "Msikanyage. Kuna wenye wanaishi hapa."

"Nani anaishi hapa?" Mwololo akanguruma, akatokea juu ya mbao.

Watoto walipiga nduru, kisha wakamwona, kisha wakafurahi sana.

"Ni Babu Soja!" akasema kitoto kimoja cha kike kiitwacho Mbeke, kilichokuwa na kifuniko cha soda kwenye kila kidole. "Ticha, tumhesabu?"

"Mzee, habari ya asubuhi," Namalwa akasema. "Ni Shughuli za Mazingira. Kila kikundi kinachunga mraba wake. Wanaangalia ni wadudu gani wanaishi ndani. Wakiona mmoja, wanaweka kifuniko kimoja."

Sasa, mzazi yeyote wa Kenya anajua mtaala huu wa siku hizi. Leo wanataka maboksi, kesho wanataka mayai ya kuchemsha, kesho kutwa wanataka kuku aliyeyataga. Mwololo alikuwa amesikia malalamiko hayo kwenye kioski. Lakini hakuwahi kusikia mtaala unaotaka ploti ya mtu.

"Kwa nini usifanyie kwenu?"

"Kwetu kumemwagwa simiti kote. Wazazi walisema wanataka soksi zirudi nyeupe. Kwa simiti nitawaonyesha nini? Simiti?"

"Na ruhusa ulipewa na nani?"

"Na mwenye ploti." Akaelekeza kidole ng'ambo, kwa Koinet, ambaye alikuwa anafika na kondoo wake kupata kiamsha kinywa.

Mwololo alihisi Kimuka yote ikimrudia, hadi harufu ya ile chai ya thamosi.

"Koinet! Wewe ndiye mwenye ploti?"

"Mimi?" Koinet akasimama. "Aliniuliza kama watoto wanaweza kuangalia nyasi. Nikasema sawa, waangalie."

"Nyasi za nani?"

"Nyasi ni za kondoo. Udongo ndio nilikuuzia. Uliniambia unataka kujenga. Ulisema unataka kulisha?"

Hilo Mwololo hakuwa na jibu lake, kwa sababu ni kweli kondoo wa Koinet walikuwa wakila pale tangu siku ya kwanza na yeye mwenyewe alikuwa akishukuru kwamba hafyeki. Lakini mtu asiye na jibu ana mikono. Alizunguka ploti, akang'oa kigingi kimoja baada ya kingine, akauviringisha uzi wote mwekundu kwenye kiwiko chake kama mama anayekusanya sufi, na kuupeleka ng'ambo chini ya kitanda, kama ushahidi.

"Amechukua mraba wetu," Mbeke akasema. Hakulia. Alisema tu, vile mtu anasema mvua imenyesha, na hiyo ndiyo ilimuudhi Mwololo siku nzima.

Mchana Namalwa alibisha mlango.

"Mzee, uzi kaa nao, hakuna shida. Lakini nisaidie kitu kimoja. Unakumbuka mraba ulikuwa wapi na wapi?"

"Kwa nini?"

"Kuna vitu tulizika ndani."

Mwololo alikuwa anakunywa maji. Yalitokea puani.

"Mlizika kitu? Kwa ploti yangu?"

"Ni vipande vya boksi tu. Tuliviloesha, tukavifukia ndani ya kila mraba. Tunangoja Ijumaa tufukue, tuone ni nani amekuja kula."

Vipande vya boksi! Mwololo alimtazama yule msichana na gambuti zake, na kwa mara ya kwanza akaona ujanja wote ulivyopangika. Ni nani anazika boksi? Boksi la nini? Vigingi vya juu ni vya kumpumbaza mwenye ploti, atang'oa, atashangilia. Bikoni zenyewe ziko chini. Siku moja atakuja mtu na savea na karatasi zenye mihuri, watafukua mbele ya chifu, na alama zitakutwa, za zamani, zimeota kutu, na Kasyoki atazeeka katika chumba cha mabati akitega sufuria.

"Ijumaa," akasema. "Mtafukua mbele yangu. Na mbele ya wazazi. Na Koinet awepo."

"Hata vizuri," Namalwa akasema. "Wazazi huwa hawakujangi."

Ijumaa wakaja, kwa sababu Mwololo alikuwa ametangaza kioskini kwamba kuna vitu vimezikwa, na Kitengela hakuna mtu anayekosa kufukuliwa kwa vitu. Mwololo alivaa koti lake la usoja. Kasyoki alifunga biashara mapema, jambo ambalo hakufanya hata kwa mazishi ya mjomba wake. Alisimama kando ya mumewe akiwa amekunja mikono, na Mwololo alijua kwamba ikikutwa bikoni hapa, au isipokutwa, kuna mtu ataongeleshwa jioni.

Miraba walikuwa wameikumbuka watoto wenyewe. Huku kulikuwa na jiwe jeusi, kule kulikuwa na mavi ya kondoo. Wakafukua kwa vijiko vya uji.

Boksi la kwanza lilitoka limelowa, na chini yake jongoo, wamejikunja kama masikio. Watoto wakaweka vifuniko. Mwololo akaingiza mkono kwenye shimo hadi kwenye kiwiko. Hakuna chuma.

La pili, siafu. Mwololo akaingiza mkono. Akautoa haraka.

"Umepata bikoni?" Koinet akauliza kwa upole sana.

La tatu ndilo lilikuwa la kina Mbeke, lile la karibu na mbao. Mbeke alichimba, akachimba, akatazama juu.

"Ticha, boksi hakuna."

"Nani amelichukua?" Mwololo akaruka. "Nilisema! Nani amelitoa?"

"Limekulwa," Mbeke akasema.

Kweli, kilichobaki ni uwazi wa umbo la boksi, umejaa udongo laini, na ndani yake wadudu weupe wanakimbia huku na huku kama watu wa soko askari wa kaunti wakifika.

"Ni mchwa," Namalwa akasema. "Watoto, mchwa akikula, anapeleka wapi?"

"Nyumbani!"

"Basi tumfuate."

Wakamfuata, watoto kwa magoti, wazazi wamejipinda nyuma yao. Mchwa alikuwa amejijengea kijia cha udongo, chembamba kama kidole, kikipita chini ya nyasi. Kiliambaa ambaa, kikakutana na kingine, vikanenepa, vikanyooka. Mbeke akawa wa kwanza kufika mwisho. Aliweka kifuniko cha mwisho mbele ya turubai.

"Wanaingia hapa," akasema.

Watu wote wakalitazama turubai. Kisha wakamtazama Mwololo.

"Hapana," Mwololo akasema. Alijisogeza mbele, akasimama kama siku za geti. "Hapa hakuna mtu ameingia. Fundo ni langu. Angalieni. Halijaguswa."

Na lilikuwa halijaguswa. Lilikaa pale zuri, gumu, limekaza kama siku ya kwanza. Koinet alilisogelea, akalisifu.

"Hili fundo ni sidai," akasema. "Mchwa anajua kufungua fundo?"

"Baba Mutunga," Kasyoki akasema. Sauti yake haikupanda. "Fungua."

"Mbele ya watu hivi? Waone ziko ngapi?"

"Fungua."

Mikono iliyokagua mifuko ya nusu ya Athi River ikaanza kulegeza fundo lake mwenyewe. Ilichukua muda. Turubai likaanguka.

Mbao zilikuwa nzuri ajabu. Zimepangwa, zimenyooka, nyekundunyekundu. Mwololo akapumua, akageuka kuwaambia watu neno. Ndipo Koinet akaweka ncha ya fimbo yake kwenye ubao wa chini, wala hakusukuma, aliegemea tu kama mchungaji anavyoegemea. Fimbo ikazama hadi katikati. Akaichomoa, akajaribu ubao mwingine. Ikazama tena. Ule ubao ulikuwa rangi tu na ngozi. Ndani kulikuwa na vyumba, korido, ngazi, kila kitu kimepigwa lipu ya udongo.

Hakuna aliyecheka. Hata Koinet.

Kasyoki ndiye aliyechuchumaa, akachungulia muda mrefu ndani ya ubao uliopasuka.

"Wamejenga," akasema. "Tulikuja pamoja, wamejenga kabla yetu. Hawa hawakungoja kuangalia watu."

Mwololo alikaa chini kwenye nyasi za kondoo. Alijaribu kumshuku mtu. Alimtazama Namalwa, Namalwa alikuwa anawazuia watoto wasile mchwa. Alimtazama Koinet; Koinet alikuwa ameshaanza kushusha mbao za juu, zile ambazo hazijafikiwa, akiziweka juu ya mawe bila kuombwa. Wazazi nao wakaingia, mmoja akashika huku, mwingine kule. Kwa desturi yake Mwololo alifungua mdomo kuwaambia waache, kisha akaona kwamba wanachofanya ni kumuokolea zilizobaki, akaufunga. Zilizobaki zilikuwa karibu nusu.

Jioni hiyo aliongeleshwa. Yaliyosemwa hatuyajui yote, chumba cha mabati kina siri zake chache. Tunajua kwamba Jumatatu uzi mwekundu ulitoka chini ya kitanda, na kwamba fundi aliyekuja hakuja na uzi mwingine. Aliutumia huo huo kuweka alama za msingi, na Mwololo, akiwa ameshika ncha moja, alitokwa jasho kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbao zilipakwa oili chafu. Kuta zikapanda. Nyumba ikatoka ndogo kuliko walivyokuwa wakisema, lakini ina paa, na sufuria za Kasyoki zikarudi kazi yao ya kupika.

Kona moja ya ploti haikujengwa. Kasyoki alisema iachwe, na Mwololo, ambaye alikuwa hajapewa nafasi ya kupiga kura, akakubali. Watoto wakarudishiwa miraba yao, na kondoo wa Koinet nyasi zao. Na Mwololo akapata pa kukaa asubuhi: kiti kidogo kando ya miraba, koti limefungwa vifungo vyote, akiwatazama wadudu kwa jicho lile lile. Mchwa aliwachukia waziwazi. Siafu aliwaona wana haraka isiyoelezeka. Jongoo ndio aliowaheshimu kidogo, kwa sababu ukiwagusa hujikunja, yaani nao hawaamini mtu.

Mwisho wa muhula, shule ikawaita wazazi kwenye kona ile. Watoto walionyesha vifuniko vyao. Mkurugenzi wa shule, bwana mmoja mwenye tai ya kijani kama mabati yake, ambaye hakuwa amekanyaga udongo tangu amwage simiti, alisimama juu ya jiwe na kutangaza kwa sauti nzito kwamba leo Kitengela inamtambua Mzee Mwololo, mlezi wa sayansi, rafiki wa viumbe vidogo, mwananchi aliyefungua lango la ardhi yake na la moyo wake ili kizazi kijacho kiyajue mazingira. Watu wakapiga makofi. Kasyoki akaangalia viatu vyake, bega likimtikisika. Koinet akapiga mluzi. Namalwa akamwomba mzee aseme neno.

Mwololo aliinuka kwenye kiti chake. Alitazama mraba wa kwanza, akatazama umati, akatazama mifuko na mikoba ya umati.

"Kuna jongoo hayuko," akasema. "Mtu asitoke."